Kaka Yangu Hakuwa na Pepo, Alikosa Kazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni amina, hata nyinyi ambao leo nitawaudhi.

Mimi ni Raheli, nachuma maua ya pareto kwa mzungu kule juu ya Njoro. Kaka yangu Yohana mnamjua. Ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini hamwangalii mtu machoni. Ukimsalimu, anakurudishia maneno yako yale yale. Kelele zikizidi, anaziba masikio na kwenda zake. Kwa hayo alifukuzwa kazi ya kukamua, akafukuzwa ya kulima, akafukuzwa hata ya kuchunga. Na mnajua mambo ya mashambani siku hizi za Hali ya Hatari: mwanamume asiye na kazi anapakiwa kwenye lori la serikali, anarudishwa kwenye hifadhi ya kabila lake. Huko angeishi na nani?

Wazee wa kanisa hili mliniambia, "Dada, huyo ana pepo. Mlete tumfungue." Nikamleta. Mkamshika watu wanne, mkampigia makelele mpaka akajiuma mkono, damu ikatoka. Ndugu zangu, siku hiyo Bwana alinifungua mimi! Aibu ikanitoka, woga ukanitoka. Nikasema, basi! Huyu anataka kazi, na mtu wa kumwelewa.

Nikampeleka stoo ya ngano, wanakoshona magunia. Nyapara wa pale akacheka. "Huyu? Nikimwita hasikii!"

"Anasikia," nikamjibu. "Usimpigie kelele. Mwonyeshe kwa mkono, kazi moja, kisha umwache. Ukitaka kumbadilishia, mwambie mapema. Mimi nitakaa naye wiki nzima, na sitaki mshahara."

Alishona vizuri siku tatu. Siku ya nne trekta ikawashwa pale mlangoni. Yohana akatupa sindano, akakimbilia katikati ya shamba la ngano. Nyapara akasema, "Kwisha! Asirudi."

Nilienda ofisini kwa mzungu mwenyewe na matope yangu miguuni, wanawake wenzangu wakinivuta nguo nirudi. Nikamwambia, "Bwana, angalia magunia yake kwanza, halafu ndipo umfukuze."

Akaja. Akainua gunia la Yohana, akalitikisa. Haikudondoka hata punje. Akainua la mwingine, ngano ikamwagika kwenye viatu vyake. Akamgeukia nyapara: "Trekta peleka huko nyuma. Huyu bakisha hapa."

Haleluya! Mvua za tatu hizi, Yohana bado anashona. Hata nyapara amejifunza kusema naye polepole. Kaka yangu hajabadilika, na sikuomba abadilike. Niliomba mlango, Bwana akaufungua, nami nikaweka mguu usifungwe tena!

Wewe uliyemficha mtu wako kama Yohana nyuma ya nyumba, mtoe leo. Mtegemee Mungu, kisha uende ukamtafutie kazi, na ukifukuzwa urudi tena.

Namshukuru Yesu. Yohana yuko pale nje dirishani, maana kuimba kwenu kunamwumiza masikio. Mkitoka, msimwekee mikono. Msalimieni tu, kesho anaenda kazini.