Filamu Iliyomfikia Mama Tanga

Asalam aleikum, na wenzangu Wakristo, Bwana asifiwe. Dada zangu, hakuna aliyeniomba nizungumze leo kwenye kikao chetu hiki. Nimeomba mwenyewe.

Nilikuja Maskati kufanya kazi za ndani. Familia niliyoifanyia kazi ilipohamia mji wa Salala, wakanipeleka kwa jamaa yao mwenye duka la dobi hapa mtaa wa Wadi Kabir, nikawa napiga pasi. Wenzangu wawili ni Wabangali, watu wema, lakini wao na lugha yao, mimi na mvuke wangu. Zilipita siku nne, tano, sijatamka neno zaidi ya "shukran." Nawaambieni ukweli, nilifika mahali nikirudi jioni napiga hodi kwenye chumba changu mwenyewe, kisha najiitikia, "Karibu."

Mama yangu yuko Tanga. Nilimwambia nafanya kazi ofisini, nina marafiki tele, Ijumaa tunakwenda ufukweni. Kila simu, uongo mpya. Msicheke, na ninyi mna wenu.

Basi akaja mteja mmoja, dada mweusi kama mimi. Nikamsalimia Kiswahili. Akatabasamu tu, hakuelewa. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Uingereza, wazazi wake wametoka visiwa vya Karibiani. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga tukaelewana.

"Uingereza wananiuliza nimetoka wapi," akaniambia. "Kisiwani kwa bibi wananiita Mwingereza. Hapa kila dereva wa teksi anauliza kama mimi ni Mzanzibari."

Alikuwa akitengeneza filamu, hana kampuni wala mfadhili, ana kamera yake moja tu. Filamu ya watu kama yeye, wanaoishi kwenye miji isiyowazoea. Akaniomba nami niwemo.

Alikuja chumbani kwangu asubuhi moja. Akaweka kamera, akauliza, "Siku yako ya mapumziko huwaje?"

Nikaanza: tunakwenda ufukweni, mimi na marafiki... Nikakwama. Mle ndani mlikuwa na kikombe kimoja, naye alikuwa amekiona. Nikalia. Nikasema yote, kwa Kiswahili. Hakuelewa hata neno, lakini hakuondoka.

Baada ya miezi akanionyesha filamu. "Usipotaka, nitakutoa," akasema. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nikikubali, itafika mtandaoni, na mama ataniona kupitia kwa watu wengine. Wiki nzima sikulala vizuri. Mwishowe nikakubali, na mimi mwenyewe nikamtumia mama kile kipande changu, kisha nikazima simu kwa woga.

Nilipoiwasha, alikuwa amepiga mara kumi na moja. Nikampigia. "Mama, nisamehe. Nimekudanganya."

Akanijibu, "Hukunidanganya, mwanangu. Mwenye marafiki tele akipiga simu, nyuma yake husikika watu. Wewe nyuma yako sijawahi kusikia hata kijiko. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Ndugu zangu, upweke haukuisha siku ile. Upo hata sasa, kuna jioni hunikalia kifuani. Ila sasa kuna mtu anayeujua, na huo ni mzigo mwingine kabisa.

Yule mwalimu amehamia mji mwingine, namshukuru huko aliko. Namshukuru mama. Nawashukuru ninyi, mlionipokea hapa bila kunihoji. Na kama yupo miongoni mwetu anayemsimulia mama yake maisha asiyoishi, nasema naye: mwambie. Pengine anajua tayari, naye anaumia peke yake kama wewe. Ukishamwambia, njoo kwangu, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa viti vya magari. Ijumaa ijayo ninapika.