Zefania Eliezeri Mgonja na Mkono Alionyanyua Moshi

Mchungaji, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani na wenzetu mliopanda mlima kutoka Same, Lembeni na Jipe, familia imenipa mimi, Raheli, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nimeyatoa kwenye daftari la familia, isipokuwa sehemu moja ambayo nimelazimika kuisahihisha juzi, na nitaisema ikifika mahali pake.

Marehemu Zefania alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Mamba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Eliezeri Mgonja na Mama Lukia, na alibatizwa mwezi Mei mwaka huohuo. Alianza shule mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, baadaye akajifunza ufundi umeme Moshi kwa miaka miwili, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa katika shamba la mkonge huko tambarare, kazi yake ikiwa kutunza jenereta na mota ya korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge ili zibaki nyuzi.

Mwaka 1979 shamba lilinunua vyombo vya muziki kwa ajili ya klabu ya wafanyakazi, Kassimu Hamisi, makanika kutoka Tanga, akachukua gitaa la solo, Majaliwa, mkata mkonge kutoka Kigoma, akakaa kwenye drumu, na marehemu akachukua besi kwa sababu, kama alivyotuambia nyumbani, ndiyo iliyobaki. Miaka ile hata sabuni tuliitafuta, hivyo spika ya Kassimu ilipochanika mwaka 1982 hapakuwa na nyingine ya kununua, gitaa likaanza kutoa sauti nzito ya kukwaruza, vijana wakaipenda, na bendi ikaacha dansi ikaingia kwenye roki nzito, vibao vya robo saa vinavyobadilisha hesabu katikati, ambavyo wengi wetu hatukujua tuvicheze vipi, tukabaki tumesimama tukisikiliza.

Kassimu alipiga kwa kasi, na hakurudia kipande kwa namna ileile mara mbili. Majaliwa alikuwa na ngoma mbili za miguu, ya pili akiwa ameitengeneza mwenyewe kwa pipa na ngozi ya mbuzi, na hesabu yake ya saba aliitoa kwenye mnyororo wa korona, uliogonga kwa nguvu kila baada ya mapigo saba. Mwaka 1983 aliingia Redempta, muuguzi msaidizi wa zahanati ya shamba, aliyejifunza kinanda parokiani kwao Lembeni, naye alishikilia vitufe kwa utulivu kama yuko kwenye misa huku wenzake wakikimbia. Marehemu alipiga sauti chache, kwa nyuzi tatu, maana ya nne ilikatika mwaka 1981 na mojawapo ya zilizobaki ilikuwa waya wa breki ya baiskeli, na hakutazama vidole vyake kamwe, alitazama miguu ya Majaliwa. Kassimu alizoea kumwambia, "Zefania, besi yako ni lori linalopanda Mamba kwa gia ya kwanza," naye akajibu, "Na gitaa lako limepakiwa humo humo, kaka, tulia." Biashara ilipofunguliwa na nyuzi zikaonekana madukani, Kassimu alimletea seti nzima, marehemu akafunga tatu, ya nne akafungia mlango wa banda la mbuzi, ambako iko mpaka leo.

Tarehe 21 Desemba 1985 marehemu alifunga ndoa na Redempta, yeye Mlutheri na mwenzake Mkatoliki, jambo lililochukua vikao vitano, na Mungu akawajalia watoto watatu, Elibariki mwaka 1986, Irine mwaka 1989 na Eliaichi mwaka 1993.

Sasa nafika kwenye masahihisho. Bendi ile ilikuwa na kanuni moja, kwamba aliyekosea hunyanyua mkono kibao kikiisha, mambo yakaishia hapo bila kulaumiana. Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987 walishindana na bendi nyingine Moshi, na katikati ya kibao chao cha "Korona" hesabu ikawapotea, wakatawanyika mbele ya watu, wakashindwa, na marehemu akanyanyua mkono. Nami niliandika kwenye daftari, "Zefania amekosea hesabu, bendi imeshindwa." Uongozi wa shamba ukamtoa kwenye bendi, vijana wa Same wakampachika jina la Bwana Nane kwamba eti saba inamshinda, naye alicheka nao tu, mwaka 1988 akaacha kazi akarudi hapa kulima tangawizi.

Juzi Jumatano Majaliwa alifika kutoka Jipe, anakovua samaki siku hizi, akaomba wazee wakae, akasema mbele yetu sote, "Shemeji Redempta, ule mkono ulikuwa wangu." Akaeleza kwamba alikuwa amekosea mara mbili mbele ya wageni wa shamba, akaonywa na uongozi kwamba akirudia atatoka kwenye bendi na kwenye nyumba aliyopewa kwa ajili ya bendi, naye alikuwa na mkewe Safia na watoto wanne, na Kigoma hakuwa amebakiza mtu. Siku ile mguu wake ulipopotea, marehemu aliuona, akaacha hesabu sahihi akamfuata kwenye makosa, kisha akawahi kunyanyua mkono. Wifi yangu akajibu, "Nilikuwa kwenye kinanda, baba, nilisikia. Nilimwuliza kwenye basi, akaniambia, mimi nina Mamba pa kurudi, Majaliwa ana wapi? Akaniomba ninyamaze, nikanyamaza." Nimeyafuta maneno yangu kwenye daftari na kuandika haya.

Tangawizi ilimpa nyumba ya bati na ada za watoto, wala hatukumsikia akijuta. Mwaka 1995 aligunduliwa kuwa na kisukari, mwezi Aprili mwaka huu figo zikaanza kushindwa, na Jumanne tarehe 11 Agosti 1998, saa nne asubuhi, alifariki dunia hospitalini Same, mkewe akiwa pembeni yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliobeba machela mpaka barabarani mvua ikinyesha, wakulima wenzake wa tangawizi mliovuna shamba lake bila kuombwa, Kassimu aliyesafiri kutoka Tanga, na Majaliwa, ambaye familia haina kinyongo naye, ila inamshukuru kwa kuturudishia ndugu yetu kama alivyokuwa. Ameomba jambo moja, nasi tumemkubalia, kwamba nikimaliza kusoma, kabla jeneza halijainuliwa, asimame hapo alipo, anyanyue mkono.

Kaka Zefania, hesabu yako ilikuwa sahihi. Pumzika kwa amani.