Fundi Kola na Foleni ya Jirani

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli, na asanteni kwa kutufungulia milango ya nyumba zenu. Leo tunamkumbuka mtu aliyekuwa na wivu.

Msinune. Simsengenyi marehemu. Mwenyewe aliniagiza. Mwaka jana nilikwenda kwake kujaribu koti alilokuwa akinishonea, na huku ameshika tepu yake mabegani mwangu akaniambia, "Nikifa utanitangaza redioni, najua. Watu watakuja na maneno matamu. Wewe waambie nilikuwa na wivu. Waambie na wivu huo ulinifanyia nini. Hayo mengine ni mapambo."

Basi ametutoka wiki mbili zilizopita. Moyo ulichoka. Alikuwa na miaka sitini na minane, na kwa miaka arobaini kati ya hiyo alikuwa fundi cherehani. Ameacha mke na binti mmoja. Sisi wateja wake tulimwita Fundi Kola, kwa sababu kola ya shati aliyoishona yeye ilikaa shingoni kama imezaliwa hapo.

Fundi Kola alishona suti. Suti za maharusi, suti za mahafali, suti za wazee wanaokwenda kuposea watoto wao. Hakushona mapazia. Hakushona mashuka. Ukimpelekea suruali iliyochanika alikutazama kama umempelekea kiatu. "Peleka kule," alikuwa akisema, na kuelekeza kwa kidevu upande wa pili wa ujia wa soko.

Upande wa pili wa ujia palikuwa na mwanafunzi wake wa zamani. Alifika kwake akiwa na miaka kumi na tisa, hajui hata kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Siku ya kwanza alimaliza kijiti kizima cha uzi kwa mshono mmoja, na tangu siku hiyo akaitwa Binti Uzi. Alikaa kwa fundi miaka sita. Kisha akapata meza yake mwenyewe, hatua kumi na mbili kutoka meza ya mwalimu wake. Akawa anazipokea zile suruali zilizochanika. Anazipokea kwa adabu, anamwita "Mwalimu", na kila mtu yuko mahali pake.

Halafu, wasikilizaji, ukaja ule ugonjwa.

Mnazikumbuka zile wiki za mwanzo. Shule zilifungwa. Sherehe zilipigwa marufuku. Kwa Fundi Kola mambo yalikatika ndani ya siku nne. Maharusi sita waliahirisha. Suti tano zilibaki zinaning'inia, hazina mabega ya kuzivaa. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, naye akaambiwa arudi nyumbani, ataitwa. Binti yao akarudishwa kutoka chuoni na begi lake. Kwa hiyo watu watatu, nyumba moja, na hakuna hata mmoja anayeingiza kitu.

Binti huyo alinisimulia. Alisema, "Tulianza kwa sukari. Mama alisema tuipunguze. Kisha tukapunguza mkate. Kisha chakula cha mchana kikahamia saa tisa alasiri, ili kiwe cha mchana na cha usiku kwa pamoja. Baba alisema ni vizuri kwa tumbo. Wote tulikubali kuwa ni vizuri kwa tumbo." Televisheni iliuzwa wiki ya pili. Mwenye nyumba aliombwa subira, naye akasema subira yake ina mwisho wa mwezi.

Sasa hayo ni ya wengi. Nyote mna ya kwenu. Lakini Fundi Kola alikuwa na jambo lililomkera kuliko njaa. Lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mezani kwake.

Binti Uzi alianza kushona barakoa siku ya pili tu. Hakungoja kuambiwa. Alichukua vitambaa vya pamba, akakata, akakunja mikunjo mitatu, akatia mpira wa masikioni. Siku ya tatu alikuwa na wateja kumi. Wiki ilipokwisha palikuwa na foleni. Watu wamesimama kwa kuachiana nafasi, kwa hiyo foleni ndogo ikaonekana ndefu, na mkia wake ukafika mbele ya meza ya Fundi Kola. Watu walimpa mgongo yeye, nyuso zao ziko kwa mwanafunzi wake.

Alikwenda sokoni kila siku ingawa hakuwa na kazi. Alifuta cherehani safi. Alinoa mkasi mkali. Na alihesabu. Aliniambia mwenyewe, "Nilihesabu vichwa. Asubuhi ishirini na saba. Jioni thelathini na mmoja. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza habari za soko, namjibu hakuna kitu. Lakini kichwani mimi nina hesabu yote, mpaka aliyenunua mbili."

Kijiba cha roho kilimkaa. Alimtazama yule binti akicheka na wateja, akaona anamcheka yeye. Alimwona na viatu vipya, akaona vimenunuliwa ili yeye avione. Siku moja Binti Uzi alivuka ujia, akasimama mbali kidogo kama ilivyoamriwa, akasema, "Mwalimu, kazi imenizidi. Chukua robo ya oda. Tushone pamoja."

Fundi Kola alimjibu, "Mimi sishoni matambara ya puani."

Yule binti akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi mezani kwake. Hakuuliza tena.

Nyumbani, kwa bahati, mambo yalianza kupata nafuu. Sukari ilirudi, kidogo. Maharage yakarudi. Fundi hakuuliza sana. Mkewe alimwambia kwamba shemeji yake, yaani kaka wa mke, ametuma chochote kitu. Shemeji huyo hajawahi kutuma hata salamu, lakini mtu mwenye njaa hachunguzi sahani. Fundi alikula akashukuru.

Sasa sogeeni karibu na redio.

Siku moja asubuhi alikwenda bombani kuchota maji. Palikuwa na akina mama wanne na ndoo zao, wote wamevaa barakoa za Binti Uzi. Mmoja akamwambia, kwa utani tu, "Fundi, mwanafunzi wako ametuvisha mji mzima. Wewe umetuvisha lini?" Wakacheka. Si kicheko kibaya. Lakini kilimkuta mtu aliyehesabu vichwa kwa wiki tatu.

Akasema, "Nasikia hicho kitambaa kimetoka hospitali. Mashuka ya wagonjwa. Sijui mimi. Nasikia tu."

Ni hayo tu aliyosema. Maneno machache, ndoo haijajaa. Alinieleza kwamba yalipotoka mdomoni alihisi raha. Raha ya kweli, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Mama mmoja alivua barakoa yake pale pale akaishika kwa ncha za vidole.

Kesho yake foleni ilikuwa na watu tisa. Keshokutwa wawili, nao walikuja kudai warudishiwe hela. Siku ya tatu alifika afisa wa soko, akaagiza meza ya Binti Uzi ifungwe mpaka vitambaa vikaguliwe. Magunia mawili ya barakoa yakachukuliwa. Fundi Kola aliona yote kutoka kwenye kiti chake. Siku hiyo hakuwa na vichwa vya kuhesabu.

Alirudi nyumbani saa tisa, saa ya kile chakula kimoja. Mezani palikuwa na uji mwepesi, basi.

Akauliza, "Maharage yamekwisha?"

Mkewe akasema, "Yamekwisha. Na hayatarudi."

"Shemeji hakutuma?"

Mkewe akakaa. Binti yao anasema mama hakukasirika wala hakulia, alichoka tu. Alisema, "Hakuna shemeji. Nilikuwa natia mipira kwenye barakoa za Binti Uzi. Mimi na mwanao, wiki ya pili sasa, ukiwa sokoni. Alikuja mwenyewe hapa mlangoni, akaleta kazi. Akaniomba nisikuambie, kwa sababu ungekataa. Sasa wamemfungia. Kuna mtu kasema anashona mashuka ya wagonjwa. Sijui ni roho gani hiyo."

Wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Fundi Kola alikuwa ameingia na familia yake yote, na uji mkononi.

Alisema asubuhi iliyofuata, mkewe akikunja shuka. Alimwambia, "Ni mimi." Mkewe aliendelea kukunja mpaka shuka likaisha. Kisha akasema, "Basi kawaambie wale wale uliowaambia."

Akaenda bombani. Wale akina mama walikuwapo, pua na midomo wamefunika kwa mitandio na kanga. Akawaambia, "Lile neno la mashuka nililitunga. Nilimwonea wivu. Kitambaa ni kipya." Mmoja akamjibu, "Fundi, na sisi tulishawaambia wengine." Akauliza ni akina nani. Wakamtajia. Akaenda kwa hao. Hao nao wakamtajia wengine. Alitembea siku nne, geti kwa geti, amesimama hatua mbili nje, na binti yake nyuma yake. Kwenye kila geti alirudia maneno yale yale: nililitunga, nilimwonea wivu, kitambaa ni kipya. Wengine walimhurumia. Wengine walifunga geti. Mzee mmoja alimuuliza kwa nini asiseme tu kwamba alikosea kusikia, aepuke aibu. Fundi akamjibu, "Nikisema hivyo, mtaamini kuna mtu mwingine aliyesema."

Alikwenda pia kwa afisa wa soko akaandika maelezo na kutia saini. Ukaguzi ulikuwa umeshaonyesha vitambaa ni safi, na risiti za duka zipo. Meza ikafunguliwa.

Mwisho kabisa akaenda kwa Binti Uzi. Alimwacha awe wa mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyemtia hofu kuliko wote.

Nilimuuliza Binti Uzi alimwambia nini. Akasema, "Nilimwambia, 'Mwalimu, kitambaa kile nilinunua duka lile lile ulilonifundisha kununua. Ulinionyesha kukipima kwa kukisugua kwa kidole gumba. Ulijua.' Akasema, 'Nilijua.' Nikamwambia, 'Sijakusamehe.' Akasema, 'Sikuja kwa hilo.' Nikamuuliza amekuja kwa lipi. Akasema, 'Kukata.'"

Kwa sababu, wasikilizaji, kiwanda cha mikate kilikuwa kimeagiza barakoa mia nne za wafanyakazi, na sokoni pale hakuna aliyeweza kukata tabaka ishirini za kitambaa kwa mara moja bila kupinda, isipokuwa Fundi Kola. Binti Uzi alijua. Alitaka sana kumfukuza. Alimpa chaki.

Alifanya kazi mezani kwa mwanafunzi wake miezi mitano. Alilipwa kwa idadi, sawa na mkewe, sawa na binti yake. Shemeji wa kubuni akapumzika. Maharage yakarudi, na mwenye nyumba akapata chake.

Msidhani wivu uliisha. Nilimuuliza. Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Uishe wapi? Niligundua mshono wake wa ndani ni mzuri kuliko wangu. Iliniuma kama jino. Nikamuuliza anafanyaje. Miaka arobaini nashona, namuuliza Binti Uzi. Akanionyesha. Koti lako hili, lifunue ndani, huo ni mshono wake."

Nimelifunua, wapendwa. Ni kweli, umenyooka.

Harusi ziliporudi, naye alirudi mezani kwake. Wakaendelea hivyo, hatua kumi na mbili, mpaka wiki mbili zilizopita. Nilimuuliza Binti Uzi kama alimsamehe hatimaye. Alisema, "Siku yenyewe siijui. Niliona tu nimemwekea chai bila kufikiri."

Kwa mjane wake, mpishi mwenye subira kuliko sisi sote. Kwa binti yake aliyetembea nyuma yake siku zile nne. Na kwa Binti Uzi, ambaye familia imemhesabu miongoni mwa wafiwa: sisi sote hapa redioni tunawapa pole. Mungu awape nguvu, na ampumzishe fundi wetu mahali pema.

Kabla sijawaaga, nami nina langu. Katika wiki zile mimi mshahara wangu haukukatika hata siku moja. Kaka yangu ni dereva wa basi la shule, na shule zilikuwa zimefungwa. Aliacha kunipigia simu. Nikadhani ana shughuli. Mtu asiye na kazi, nikadhani ana shughuli. Tukawa watu wa kusalimiana misibani.

Fundi Kola alipitia mageti ya mtaa mzima kusema amemwonea mtu wivu. Mimi ndiye niliyeonewa wivu, na sikujishughulisha kuuliza. Yupo mtu uliyeacha kusemezana naye tangu wakati ule. Labda wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu vichwa, labda wewe ndiye uliyekuwa na foleni. Mtafute.

Kaka, najua saa hizi uko barabarani na redio umefungua. Ukishusha watoto, nipigie. Au subiri, nitapiga mimi.