Pumzi ya Mzee Khaemba

Mwaka wa hamsini na tatu benchi letu lilikuwa nje ya lango la hospitali, hapo Kitale, na kahawa ya Mama Nasambu ndiyo iliyotushikilia pale. Hakuna jambo tulilokosa kulijua, la serikali wala la Mungu. Lakini asubuhi hiyo kahawa ilipoa mikononi mwetu. Mzee Khaemba alikuwa ndani akitolewa mtoto wa jicho, na jicho lake la pili lilikuwa limekufa zamani. Mwanawe Wabwile alikaa katikati yetu akigeuzageuza kofia ya babake, na woga wake ukatuambukiza sote.

WABWILE: Ati hawamlazi usingizi. Ni sindano tu nyuma ya jicho, na yeye yuko macho, anasikia kila kitu.

INJINI (dereva wa trekta huko Endebess): Hapo ndipo mimi naogopa, bana. Jicho ni kama tairi. Ukiongeza dawa ndani, upepo unazidi. Ukigusa na kisu, puu!

MAZIWA (mchuuzi wa maziwa kutoka Kibomet): Si wazee walisema macho hayana pazia? Sasa daktari atashona wapi?

KARANI (aliyewahi kufagia ofisi, si kuandika): Ganzi haikai jichoni. Inapanda kwa ubongo. Kuna mtu wa Bungoma aliona vizuri, lakini akasahau bibi yake.

MAZIWA: Huyo alikuwa na bibi mwingine.



WABWILE: Nyinyi, huyo ni babangu. Jicho ni hilo moja tu!

INJINI: Tulia. Jana si tulimfundisha? Afanye kama siku ya kutahiriwa. Akaze mwili, abane pumzi, asitikisike. Mbukusu haogopi kisu.

KARANI: Mvumilivu hula mbivu.

WABWILE: Aliniapia. Alisema hata pumzi yake hawataisikia.

Hapo moyo ukatulia kidogo. Mara dresa Kipketer, msaidizi wa daktari, akatoka langoni akikimbia, jasho usoni.

KIPKETER: Mtoto wa Khaemba ni nani? Njoo! Daktari amedunga sindano, akalikanda jicho na vidole mpaka likalegea vizuri. Lakini akishika kisu tu, mzee anajikaza, jicho linajaa tena, gumu kama jiwe. Likikatwa hivyo, vya ndani vitamwagika.

WABWILE: Si mumwambie apumue!

KIPKETER: Tumemwambia mpaka tumechoka. Anatikisa kidole, ati ameagizwa. Nani alimwagiza abane pumzi?

Injini akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Wabwile hakungoja jibu. Alikuwa ameshaingia langoni, kofia mkononi, akipiga kelele kwa Kibukusu ili babake amsikie kabla ya kumwona: Baba, pumua! Baba, pumua!

Kisha sauti ikanyamaza. Mama Nasambu akaja na birika, akatutazama mmoja mmoja, akauliza mbona tumevimba mashavu. Sote kwenye benchi tulikuwa tumebana pumzi.