Alama za Kufutafuta

Asubuhi ya leo, katika basi dogo la kutoka Lukozi, mzee mwenye koti alikuwa akimweleza mama mmoja fundi cherehani jinsi ushirika wao wa mboga ulivyomtafuta mtengeneza programu za kompyuta. Niliketi nyuma yao na Zaburi yangu.

“Waombaji wote tuliwapa swali moja, kalamu na karatasi,” alisema mzee. “Kompyuta tuliziweka kando, umeme usije ukampendelea mtu.”

“Nisamehe, baba. Mimi fundi mpya nampa cherehani. Simpi karatasi aniandikie suruali.”

Mzee akakiri kwamba binti mmoja, Saumu, ndiye pekee aliyepata jibu sahihi. Lakini mwalimu mstaafu aliyesahihisha alikata alama kila palipofutwa, na Saumu alifuta mara kumi na tisa. Kazi akapangiwa mwombaji mwenzake, Anord, ambaye hakufuta hata mara moja.

“Na jibu la Anord?”

“Safi sana. Halikuwa sahihi, ila safi.”

Mimi nasoma darasa la jioni na umri huu, na daftari langu nalijua lilivyojaa kufutafuta.

“Baba, si ndiyo kazi yao? Wanaandika, inakataa, wanafuta, wanaandika tena.”

Mzee akatoa bahasha kwenye koti. “Barua ya kazi ya Anord hii. Nimetumwa niifikishe Soni leo. Nikirudi nayo, wenzangu nitawaambia nini?”

“Hilo ni lako, baba.”

Konda akaita Soni. Mzee alishuka polepole, bahasha mkononi, nami nikamwombea yeye kabla ya Saumu.