Jina la Sitini na Tatu: Bwana Nicodemus Kavumbi Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Bwana Nicodemus Kavumbi anafunga kabati lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya nyaraka. Mimi, Shukri, karani mwenzake kwa miaka tisa, nimeombwa nimwandikie wasifu. Najua atausoma na kalamu nyekundu mkononi, akitafuta nilipotia chumvi.

Alianza mwaka 1961 akiwa tarishi, na tangu hapo hajamwamini mtu. Mashine ya kunakili ilipoletwa, alisimama kando yake wiki nzima akihesabu karatasi zinazoingia na zinazotoka. Mtu akipiga simu kuulizia faili, yeye hukata, kisha humpigia mwenyewe apate hakika ni yeye. Siku moja mkewe, Mama Emmah, alikuja kutazama faili ya marehemu babake. Aliamkiwa vizuri, akaulizwa habari za nyumbani, nyumba ile ile walimoamka wote wawili asubuhi hiyo, kisha akaombwa kitambulisho. Maskini alikuwa amekisahau. Alirudishwa nyumbani Bondeni kwa miguu akakichukue.

Tulicheka sana, lakini hakuna faili iliyowahi kupotea mikononi mwake. Ndiyo maana mwaka 1991 kamati ya ukumbusho wa ule uwanja wa zamani wa ndege za vita, ng'ambo ya Makupa, ilimkabidhi kazi ya kukusanya majina ya wenyeji waliofanya kazi pale. Wanajeshi wageni wameandikwa katika vitabu vyao. Waliovunja mawe, waliopika na waliobingirisha mapipa ya petroli hawakuandikwa popote. Jiwe litakalosimamishwa Agosti litakuwa na majina yao.

Kanuni aliitunga mwenyewe. Kila jina liwe na mashahidi wawili, wasiwe jamaa, kila mmoja asikilizwe peke yake, na jina liandikwe kwa mkono wa yule aliyewasikiliza wote wawili. Juu ya hayo, kila shahidi hutegewa swali moja la uongo. Kwa njia hiyo amepata majina sitini na mawili, na la babake halimo.

Baba huyo aliondoka kwao Taita mwaka 1943, Nicodemus akiwa na miaka mitatu, asirudi tena. Kijijini walisema amewatoroka mke na mtoto. Mamake Nicodemus alishikilia hadi kufa kwake kwamba mumewe alikuwa kazini uwanjani, na kwamba mauti yalimkuta huko. Bwana Nicodemus ametafuta mashahidi miaka minne, akampata mmoja tu, Mzee Athmani wa Kibokoni, aliyekuwa mpishi pale. Kwa kanuni yake, mmoja hatoshi.

Sasa niungame. Mwezi Mei nilimfundisha mzee mmoja wa Kibarani, jirani wa shangazi yangu, aje aseme kwamba alimjua marehemu. Nilidhani natenda wema. Bwana Nicodemus alimsikiliza kwa adabu zote, nami nimekaa pembeni naandika, kisha akamwuliza babake alikuwa akichechemea mguu upi. Mzee akajibu, wa kushoto. Kumbe Mzee Athmani alikwisha kusema kwamba marehemu alikuwa mzima wa miguu yote miwili. Bwana Nicodemus akanitazama mimi, wala si yule mzee. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Wiki mbili baadaye alikuja Mzee Kingi kutoka Mazeras, habari kazipata kanisani. Alisema walibingirisha mapipa pamoja, kwamba pipa moja liliporomoka kutoka kwenye lori likamwua Kavumbi, na kwamba yeye ni mmoja wa waliomchimbia kaburi. Akaulizwa ule mguu. Akashangaa: mtu wa kuchechemea, nani angempa mapipa? Jibu lilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye taabu, maana mimi nililijua jibu hilo. Bwana Nicodemus alimshukuru, akamwagizia chai na mahamri, asiandike kitu. Tangu siku hiyo huniuliza, kwa upole unaokata maini, kama shangazi yangu ana jamaa Mazeras.

Basi nakula yamini mbele ya wenzangu wote, katika jarida hili litakalowekwa kabatini pamoja na nyaraka nyingine. Mzee Kingi sikumtuma. Simjui, hanijui. Beryl, karani mwenzetu, naye hakumtuma; nimemwuliza mara nyingi mpaka amekasirika, nami mwenyewe siku hizi nashuku kila mtu.

Ahsante, Bwana Nicodemus, kwa kutufundisha kazi, na uniwie radhi. Tunakuombea uzee wa raha na afya njema, wewe na Mama Emmah. Orodha inakwenda kwa fundi wa mawe Jumatatu, na sasa iko juu ya meza yako. Sisi hatuwezi kuigusa, maana ni wewe peke yako uliyewasikiliza wote wawili, Mzee Athmani na Mzee Kingi. Kazi yako inakwisha leo saa kumi na moja. Tafadhali, mwandike baba yako.