Majarida ya Marehemu Sutinah

Kwenye benchi la kahawa la Mama Painem, kona ya soko la vitambaa mjini Solo, neno likianza asubuhi, jioni limeshaota mapembe. Siku hiyo Mzee Wiryo alikuja akisukuma mkokoteni uliojaa majarida ya kushona na kufuma ya marehemu mkewe, Sutinah. Kesho yake alikuwa anarudisha nyumba ya watu na kuhamia Semarang, kwenye chumba kimoja kwa dada yake. Usingizi ulishamkimbia. Kila akifumba macho aliona kurasa za Sutinah zimefungiwa tofu ya kukaanga, vile vipande vya soya, na roho inamuuma. Mama Painem, kwa bahati mbaya, alikuwa anakaanga tofu.

— Niachie mimi, mzee wangu. Karatasi zimeniishia.

— Wewe utafungia tofu.

— Kwani tofu siyo chakula?

Bonge, ambaye alikonda zamani ila jina likagoma kukonda, akaweka kikombe chini.

— Peleka makumbusho.

— Makumbusho wanataka vitu vya kifalme, Bonge.

— Si Sutinah alimshonea mpishi wa kasri? Huo siyo ufalme?

— Huo ni upishi.

Hapo akaingia Wakili, aliyepewa jina hilo tangu atoe ushahidi kwenye kesi ya kuku.

— Tusiende kwa pupa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Sasa hiyo inaingiaje kwenye majarida?

— Yamelelewa kabatini. Ukiyatoa ghafla yataharibika tabia. Tuyatafutie kabati la balozi. Mabalozi wana makabati matupu.

— Unamjua balozi gani wewe?

— Ndiyo maana nikasema tusiende kwa pupa.

— Wapewe Waholanzi, akasema Bonge. Walitutawala wakabeba vitu vya babu zetu, na mpaka leo wanavipangusa vumbi.

— Tuwape bure?

— Thubutu! Cha bure hawakitunzi. Tunayaacha barazani, tunajifanya tumelala. Lazima wadhani wameiba.

Mzee Wiryo akajikuta analipima wazo hilo. Ndipo alipojua kwamba ameishiwa kabisa na njia.

Binti mmoja mshona sare, Lastri, alikuwa amesimama akingoja tofu yake. Akachukua jarida la juu, akalifungua katikati, akakunjua karatasi ya pateni, ule mchoro wa kukatia nguo. Nzima. Akafungua la pili, nalo vile vile.

— Mzee, mbona hakuna hata moja iliyokatwa?

— Alikuwa ananakili kwenye karatasi ya kuokea mikate. Macho yanamuuma, lakini mkasi hagusi.

— Hata mimi nafanya hivyo hivyo, ila ya kwangu ni ya kuazima. Haya yalikuwa yake mwenyewe. Sasa alikuwa anamtunzia nani?

Bonge akamtazama Wakili. Wakili akatafuta methali, hata mbovu, akakosa. Mzee Wiryo alikuwa ameishi na Sutinah tangu ujanani, mtoto hawakujaliwa, na swali hilo hakuwahi kumuuliza hata siku moja. Lilimchoma hasa.

Wakili akakohoa.

— Kisheria...

— Chukua, mwanangu, Mzee Wiryo akamwambia Lastri, huku akimsogezea mkokoteni. Chukua yote, upesi, kabla hawa hawajapata jibu.